Marashi ya ambari yanasema nini kuhusu wewe?

Safari hii barua zenu zimejaa ambari: humfaa nani, ipi ndiyo yenyewe, na kama kweli chupa ya marashi inaweza kumwanika mtu tabia yake. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Nimeona kwenye simu jaribio la tabia: unachagua harufu uipendayo, kisha unaambiwa wewe ni mtu wa aina gani. Nilichagua ambari, nikaambiwa nina mahaba, ni msiri, napenda makuu na nina wivu. Mimi ni mwalimu wa chekechea, mpole mpaka watoto wananionea. Je, kuna ukweli wowote, au nimenunua marashi yasiyo yangu?
*Msomaji, Mombasa*

Dada, marashi hayo ni yako, na hakuna kitu ulichokificha. Majaribio ya namna hiyo hutungwa kwa kuitazama harufu kisha kumvika mvaaji sifa zake. Ambari ni tamu, nzito, ina joto na haibanduki upesi, basi anayeipenda naye huambiwa ana mahaba, ana makuu na ni king'ang'anizi.

Waliopima watu kweli wapo, na walichokiona kinakuunga mkono wewe. Katika miaka ya 1980 mwanasaikolojia wa Kijerumani, Joachim Mensing, alilinganisha tabia za watu na harufu wanazozipenda. Watu wa kujichanganya, wenye pilikapilika, walielekea zaidi kwenye harufu mbichi za jamii ya ndimu na majani. Watulivu, wanaostarehe na mawazo yao wenyewe, walielekea kwenye harufu tamu na nzito za kundi la ambari. Huo ni mwelekeo wa wengi, si hukumu ya mmoja mmoja, na hali ya siku nayo huingia: mtu yule yule huchagua hivi akiwa amechoka na vile akiwa na furaha.

Mwaka 2001 Manfred Milinski na Claus Wedekind walitoa matokeo mengine ya kuzingatiwa. Watu wenye jeni zinazofanana za kinga ya mwili walikaribiana katika harufu walizotaka kujipaka wenyewe, lakini si katika harufu walizotaka kuzinusa kwa wenzi wao. Kwa hiyo huenda sehemu ya uchaguzi wako imefanywa na mwili wako kabla hujafikiri chochote. Sehemu nyingine ni malezi. Aliyekulia katika nyumba inayofukizwa udi na ubani, pua yake imeshaujua utomvu wenye moto, na ambari humkalia vizuri tangu siku ya kwanza. Aliyekulia mbali na chetezo huweza kuiona nzito, hata ya kiganga, mpaka aizoee.

Kuna tabia moja ambayo marashi huionyesha kweli, nayo imo kwenye kipimo chako. Tone moja la mafuta ya ambari nyuma ya sikio, chini ya mtandio, husikika kwa anayekukumbatia peke yake. Marashi hayo hayo ukiyapuliza mara sita kifuani huingia darasani kabla yako na kubaki ukishatoka. Watu watasema wa kwanza ni mstaarabu na wa pili anajionyesha, na wote wawili wametumia chupa moja. Ndiyo maana tunasema mtu asihangaike kutafuta ambari inayolingana na tabia yake. Aangalie mkono wake unavyopuliza.

Kwa kazi yako, tunakushauri ambari ibaki ya jioni. Watoto wa chekechea hukaa mapajani, na wenye pumu hawawezi kukwambia kuwa kifua kimebana kwa sababu yako. Ukiitaka shuleni, gusa tone moja tumboni, chini ya nguo, saa nzima kabla ya kutoka, na usiweke shingoni wala mikononi.

Na kama bado una shaka kwamba ni yako, ijaribu kwa utaratibu. Puliza mara moja upande wa ndani wa mkono usio na mafuta yenye manukato. Usinuse kwa dakika kumi za mwanzo, kwani wakati huo unasikia spiriti na harufu za juu tu, zile nyepesi zinazotangulia na kupotea. Nusa baada ya nusu saa, kisha baada ya saa mbili, kisha baada ya saa sita, na kila mara andika neno moja la kile ulichosikia. Ambari ni harufu ya chini: kinachokaa saa ya sita ndicho ulichonunua. Fanya hivyo siku ya jua kali na tena siku ya mvua. Ukiipenda saa ya sita siku zote mbili, weka chupa mezani na ufute lile jaribio.

Nilinunua Kariakoo chupa mbili, zote zimeandikwa ambari. Moja ni tamu kama keki, ya pili ni kavu, ina kitu kama chumvi na mbao. Muuzaji mwingine akaniambia ambari ya kweli hutoka kwa nyangumi, na rafiki yangu anasema ni yale mawe ya njano ya tasbihi. Nimsikilize nani?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Kaka, chupa zako zote mbili ni za kawaida kabisa, ila ni vitu viwili tofauti vinavyouzwa kwa jina moja.

Ile tamu haina nyangumi wala jiwe ndani yake. Ni mchanganyiko uliobuniwa na watunga manukato, na nguzo zake ni tatu: labdanamu, benzoini na vanila. Labdanamu ni utomvu wa kichaka kiitwacho Cistus kinachoota kwa wingi kusini mwa Hispania. Ni mweusi, unanata, na una harufu ya ngozi, asali na moshi. Benzoini ni gundi ya miti ya Styrax ya Sumatra na Laos, laini na tamu, ndiyo ile ambayo Waarabu huiita luban jawi. Vanila hukamilisha utamu, na mara nyingi ni vanilini ya maabara, ambayo Wajerumani Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann waliitengeneza kwa mara ya kwanza mwaka 1874. Bila vanilini ya bei nafuu ambari tamu isingeenea hivi. Shalimar ya Guerlain, ya mwaka 1925, ni mfano mkongwe: bergamoti, tunda la jamii ya ndimu, juu, vanila na utomvu chini. Ambre Sultan ya Serge Lutens, ya mwaka 1993, inaegemea zaidi labdanamu na majani makavu ya viungo. Zinuse zote mbili dukani siku moja na utaijua familia nzima.

Ile kavu imejengwa juu ya ambroksani, ambayo huiga harufu ya ambari ya baharini, ile ya nyangumi. Hutengenezwa kutokana na sklareoli, kitu kinachotolewa kwenye mmea wa Salvia sclarea, na imekuwa sokoni tangu miaka ya 1950. Sauvage ya Dior na Baccarat Rouge 540, zote za mwaka 2015, zinaibeba kwa wingi, na kwa kuwa zimeigwa na kila mtu, huenda chupa yako ni ya ukoo huo. Ambroksani ina tabia ya kumtoroka mvaaji: wewe huisikii, wa meza ya tatu anaisikia. Kuwa makini nayo.

Ambari ya nyangumi ipo. Hutengenezwa tumboni mwa nyangumi aina ya spemu, huelea baharini miaka, na hukomaa kwa chumvi na jua. Pwani yetu ilijulikana kwayo zamani sana. Al-Masudi, mwandishi wa Kiarabu aliyeisafiria nchi ya Zanj, yaani pwani hii ya Afrika Mashariki, mwaka 916, aliisifu ambari iliyookotwa huku. Leo usitegemee kuikuta ndani ya chupa ya bei ya kawaida. Ukiokota bonge ufukweni, choma kwa sindano iliyopashwa moto. Ambari huyeyuka hapo hapo na kuwa ute mweusi unaonata, wenye moshi wa harufu ya bahari na samadi kavu. Jiwe halitafanya kitu, na plastiki itanuka plastiki. Kabla ya kuisafirisha, ujue kwamba Marekani, Australia na India zinakataza biashara yake. Usimpe mgeni abebe.

Mawe ya tasbihi ni kaharabu, utomvu wa miti uliogeuka jiwe chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka. Jiwe zima halinukii. Likichomwa hutoa mafuta yenye harufu ya moshi na ngozi, ambayo hutumika kwa nadra mno. Kwa hiyo anayekuuzia “mafuta halisi ya kaharabu” yenye harufu ya vanila anakuuzia ile ambari tamu kwa bei ya kito.

Jambo la mwisho kuhusu lebo: tangu mwaka 2021 Michael Edwards, ambaye mpangilio wake wa familia za marashi hufuatwa na maduka mengi duniani, ameliita ambari kundi zima lililokuwa likiitwa la mashariki. Hivyo neno hilo kwenye boksi linaweza kumaanisha viungo, maua mazito au vanila tupu. Nusa, usisome.

Ofisini wananiita “madam wa hoteli”. Mwenzangu mmoja anasema marashi yangu yanaonyesha najisikia, na mwingine analalamika kichwa kinamuuma. Mimi wala siyasikii nikishafika kazini. Napuliza mara tano, ya ambari.
*Msomaji, Nairobi*

Hapo pa “siyasikii” ndipo penye tatizo. Pua huacha kuripoti harufu ambayo haibadiliki, na ambari haibadiliki kwa saa nyingi, tofauti na marashi ya ndimu ambayo huja na kuondoka. Baada ya robo saa hivi unadhani yamekwisha, unaongeza, na wenzako wanasikia yote mawili. Kila mpulizo ni kama sehemu ya kumi ya mililita. Mara tano ni nusu mililita, na kama chupa yako imeandikwa eau de parfum, manukato ndani yake ni asilimia 15 hadi 20. Kwa chumba chenye dirisha lililofungwa hicho ni kiasi cha sherehe.

Punguza hadi mara moja, umbali wa sentimita 15 hadi 20, kwenye ngozi ya tumbo au mgongo, kisha vaa. Nguo itaichuja. Shingo na kifua viko chini ya pua yako mwenyewe na ndivyo vinavyokuchosha haraka. Usipulize nywele wala skafu ya kwenda kazini: vitambaa, hasa sufu, hushika ambari kwa siku kadhaa, na kesho utaongeza juu ya ya jana bila kujua. Ukitaka kujua umezidisha au la, usijiulize mwenyewe. Muulize anayeingia chumbani kutoka nje.

Kuhusu kichwa cha mwenzako, angalia kama ambari yako ni ile kavu. Zipo molekuli za mbao na ambari zilizotengenezwa maabara ambazo baadhi ya watu hawazisikii kabisa na wengine huzisikia kama sindano puani. Yeye hakuonei, na wewe hujiringi. Mna pua tofauti. Mpe nafasi ajaribu kunusa ambari tamu ya labdanamu kwenye karatasi. Mara nyingi aliyeumizwa na ile kavu huivumilia hii.

Naambiwa ambari ni ya wanawake. Mimi naitaka ya Ijumaa na ya Idi. Pia mafuta niliyojaribu yameacha doa la kahawia kwenye kola ya kanzu nyeupe.
*Msomaji, Unguja*

Ambari haina jinsia. Wanaume wa Ghuba na wa pwani yetu wamejipaka tangu zamani, peke yake au pamoja na udi na miski. Kinachofanya baadhi ionekane ya kike ni wingi wa vanila. Tafuta yenye labdanamu nyingi, pamoja na ubani, iliki au msandali, utamu utashuka.

Doa ni kazi ya vitu viwili: labdanamu ni nyeusi kwa asili, na vanilini hugeuka njano halafu kahawia ikikutana na hewa na mwanga. Usipige pasi kabla doa halijatoka, na usikimbilie jiki. Weka kitambaa safi chini ya kola, lowesha pamba kwa spiriti ya hospitali ya asilimia 70 au zaidi, gonga gonga kutoka nje kuelekea katikati, ukibadilisha pamba inapochafuka. Doa likififia, paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, acha dakika kumi, suuza kwa maji ya vuguvugu. Sabuni ya mche usianze nayo, kwa sababu magadi yake huizidishia vanilini weusi. Doa la wiki nzima linaweza kuhitaji kurudiwa mara mbili au tatu, na lililopigwa pasi huenda lisitoke lote.

Kuanzia sasa, mafuta yakae kwenye ngozi: nyuma ya masikio na kwenye kunjo la kiwiko. Subiri dakika kumi ndipo uvae kanzu. Kanzu yenyewe ifukize.

Nyumbani tuna udi, halud, na kile kibonge cha ambari ya kuganda cha dukani. Nikivitumia vyote pamoja harufu inakuwa ya fujo. Nianze na kipi?
*Msomaji, Maskati*

Mama, fujo hutokea kwa sababu vyote vitatu vya nyumba yako ni vizito na vyote vinataka kukaa chini. Chagua kimoja kiwe sauti kuu. Kama ni ambari, basi udi uwe wa kufukiza nguo tu, na halud ipumzike siku hiyo, maana ndani yake tayari mna udi, zafarani na waridi vya kutosha.

Utaratibu wake ni huu. Oga, jikaushe kidogo tu ngozi ibaki na unyevunyevu, paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato pale utakapoweka ambari. Ngozi kavu huinywa na kuipoteza. Chukua kibonge, kisugue kwenye ngozi yenye joto mara mbili tatu mpaka uone ukungu wa mafuta. Ngoja dakika tano. Nguo ifukize kando, imetundikwa angalau hatua moja juu ya chetezo, kwa makaa yaliyokwishashika jivu jeupe. Makaa mekundu huchoma udi badala ya kuupasha, na moshi wa kuungua hushinda kila kitu. Kwa kanzu au dira moja kipande cha ukubwa wa ukucha kinatosha.

Kibonge usikiweke juu ya makaa. Kimeshikanishwa kwa nta, na nta ikiungua hunuka mshumaa uliozimwa. Kinachobaki kimekuwa kidogo mno kushika mkononi, kifunge kwenye kitambaa cha pamba ukitie sandukuni. Kitambaa kiwe cha rangi, sababu ya madoa tuliyomweleza kaka wa Unguja.

Huku kwetu Kagera tunalima vanila. Nataka kutengeneza ambari yangu mwenyewe, kidogo, ya nyumbani. Nilijaribu kuloweka maganda kwenye mafuta ya nazi na hayakunukia. Nifanyeje?
*Msomaji, Bukoba*

Una bahati ya kuwa na mali ghafi mlangoni, na tumefurahi kupata swali hili. Hayakunukia kwa sababu mbili. Ikiwa maganda yalikuwa mabichi, ya kijani, vanilini yake bado imefungwa kwenye sukari na haitoki mpaka ganda livundikwe na kukaushwa liwe jeusi na laini. Na hata lililoiva vizuri lina vanilini takriban asilimia 2 tu, nayo huyeyuka vibaya katika mafuta ya nazi. Spiriti ndiyo inayoitoa.

Anza na tinkcha, yaani spiriti iliyolowekwa maganda. Katakata gramu 15 za maganda meusi, tia kwenye chupa ya kioo yenye gramu 100 za ethanoli ya asilimia 96, funika, weka kabatini miezi miwili, ukitikisa mara moja kwa wiki. Pombe kali ya dukani haifai, maji ni zaidi ya nusu yake na utomvu utaganda mawingu. Spiriti ya kuwashia majiko usiiguse kabisa: inaweza kuwa na methanoli, ambayo ni sumu hata ikipita kwenye ngozi na kwa mvuke wake.

Tinkcha hiyo peke yake ni hafifu. Itumie mahali pa spiriti tupu, na nguvu ya ambari itoke kwenye kiini. Kwa gramu 10 za kiini utahitaji labdanamu gramu 2, benzoini iliyoyeyushwa nusu kwa nusu gramu 4, vanilini ya unga gramu 0.8, msandali au mwerezi gramu 1.8, pachuli gramu 0.4 na bergamoti gramu 1. Pima kwa mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Usihesabu matone: tone la labdanamu na tone la bergamoti uzito wake haufanani hata kidogo, na hapo ndipo mapishi mengi ya mitandaoni huharibika. Labdanamu ikigoma kutoka, weka chupa yake kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 45 hivi kwa robo saa. Tanguliza labdanamu na benzoini, koroga, ongeza vanilini ukoroge mpaka chembe ziishe, kisha vilivyobaki, bergamoti mwisho. Acha wiki mbili.

Bergamoti iwe ile iliyoondolewa bergapteni, na chupa itakuwa imeandikwa hivyo. Ya kawaida hufanya ngozi iungue na kubaki na mabaka meusi ikipigwa na jua. Ukiikosa iliyoondolewa, ya kawaida isizidi asilimia 0.4 ya marashi yote, ambayo kwa chupa ya gramu 20 ni gramu 0.08. Heri uiache. Msandali nao ulizia ulikotoka: ule wa porini kwetu, Osyris lanceolata, umevunwa hovyo mpaka mwaka 2013 ukaingizwa kwenye orodha ya CITES ya mimea ambayo biashara yake inadhibitiwa. Mwerezi hauna shida hiyo na kwenye ambari unakaa vizuri.

Baada ya wiki mbili changanya gramu 3 za kiini na gramu 17 za tinkcha, mbali na jiko. Hayo ni marashi ya asilimia 15. Yaache gizani wiki nne. Wiki ya kwanza yatanuka spiriti na utaona umekosea, subiri. Mwishoni yatie kwenye friza siku mbili, kisha chuja yakiwa bado baridi kwa karatasi ya kuchujia kahawa, nta na takataka za utomvu zitabaki juu. Kabla ya kujipaka, weka tone ndani ya mkono na ungoje saa 48. Benzoini huwasha baadhi ya watu.

Yakitoka matamu kupita kiasi, toleo lijalo punguza vanilini hadi 0.4 na ongeza mwerezi. Yakitoka kama dawa ya hospitali, labdanamu imezidi. Yakikosa kukaa, usiongeze vanila, ongeza benzoini. Na kwa asiyetaka spiriti, gramu 17 hizo ziwe dipropilini glaikoli, hiyo huyeyusha vanilini bila tabu, lakini utapoteza tinkcha yako ya Kagera.

Mafuta yangu ya ambari yameganda meupe, na marashi ya chupa yamekuwa kahawia. Vimeharibika?
*Msomaji, Arusha*

Kuganda si kuharibika. Yaelekea yamechanganywa na mafuta ya nazi, ambayo huganda chini ya nyuzi 24, na Arusha asubuhi iko chini ya hapo. Shika chupa mkononi dakika chache. Kilicho kibaya ni harufu ya mafuta ya kukaangia yaliyokaa, ukiisikia, mwaga.

Kahawia nayo ni vanilini ikikomaa, na wengi huona ambari ya namna hiyo ni tamu zaidi. Nusa sekunde za mwanzo: zikiwa chachu au kama vanishi, harufu za juu zimeharibika, ila ngoja dakika kumi na huenda chini bado pazima. Hifadhi ndani ya boksi lake, kabatini, si bafuni na kamwe si kwenye gari.

Nataka kumpelekea mama mkwe ambari. Ni mtu wa maneno machache na mkali kidogo. Nitamjuaje ya kumfaa?
*Msomaji, Toronto*

Usianze na ukali wake. Anza na kile anachotumia sasa, na hilo mume au mke wako analijua. Kama nyumbani kwake mna chetezo na chupa za mafuta, mpelekee ambari ya labdanamu na ubani, ya mafuta, robo tola, yaani mililita 3 hivi. Ni kiasi cha heshima, na asipoipenda haitamkalia mezani mwaka mzima. Kama hutumia sabuni yenye harufu nyepesi na marashi ya waridi tu, mtafutie ambari ambayo waridi limetangulia, ya kupuliza, chupa ndogo.

Na kumbuka ulipoinusia. Kwenye baridi ya Toronto ambari hukaa karibu na ngozi na kufunguka polepole, kwa hiyo utaona hafifu na kutaka kali zaidi. Akiifungua yeye kwenye joto la pwani itapanda mara moja. Ijaribu ndani, kwenye mkono uliopata joto, na ukiwa kati ya mbili, chukua nyepesi.